Kumjibia Asiye na Mdomo

Kuna vifaa ndani ya chipu ambavyo haviwezi kusema "hapana." Sisemi kwa mafumbo. Chipu yenye ukubwa wa ukucha huwa na kichakataji kinachotoa amri, na pembeni yake huwa na vifaa vidogo vidogo vinavyozipokea: kipima muda, kifaa cha kutuma na kupokea herufi moja moja, kifaa cha kuwasha na kuzima taa. Vyote huunganishwa na kichakataji kwa fungu la nyaya za pamoja linaloitwa basi. Ndiyo, basi kama lile la abiria. Maneno hayo mawili yana asili moja, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote."

Basi ninalotaka kulizungumzia linaitwa APB. Ni sehemu ya kanuni za AMBA ambazo kampuni ya ARM ya Uingereza ilianza kuzichapisha mwaka 1996, na toleo lake linalokumbukwa na wengi ni la mwaka 1999. Ni basi la polepole na la gharama ndogo, la vifaa visivyo na haraka. Mazungumzo yake ni mafupi kuliko salamu za mjini. Kwenye mpigo wa kwanza wa saa, upande unaoamuru huinua waya wa kukichagua kifaa, huweka anwani, na husema kama unaandika au unasoma. Kama unaandika, huweka na data. Kwenye mpigo wa pili huinua waya mwingine wenye maana ya "haya, sasa." Mpigo huo ukiisha, kazi imeisha. Kifaa hakiulizwi kama kiko tayari, wala hakiulizwi kama kimeweza. Hakuna waya wa kurudishia neno lolote, isipokuwa data yenyewe iliyoombwa kusomwa.

Mwaka 2003 likaja toleo lenye nyaya mbili mpya. Wa kwanza, PREADY, kifaa kinaweza kuushusha kikiwa na maana ya "ngoja kidogo." Wa pili, PSLVERR, kinaweza kuuinua kikiwa na maana ya "imeshindikana." Mwaka 2010 ziliongezwa nyingine, PSTRB na PPROT, ambazo nitazirudia kwa sababu ndizo zenye matata zaidi. Herufi SLV katikati ya jina la PSLVERR ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya mtumwa. Kwa miaka mingi ndivyo vitabu vilivyoviita vifaa hivi, na aliyeamuru akaitwa bwana. Miaka ya karibuni ARM wameyaacha maneno hayo, siku hizi kuna mwombaji na mtekelezaji, lakini jina la waya limebaki na kovu lake. Mtu aliyelelewa Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, hulisoma neno hilo kwenye kitabu cha uhandisi na kusita kidogo. Hata hivyo nakiri kwamba kwa toleo la 1999 lilikuwa neno sahihi kuliko waandishi wake walivyokusudia. Kifaa kile kilikuwa kinaamriwa tu.

Sasa, vifaa vya zamani havitupwi. Kifaa cha kutuma herufi kilichoandikwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kikajaribiwa na kutumika kwenye chipu nyingi, ni mali. Kukiandika upya ni kukaribisha makosa mapya. Kwa hiyo tunakichukua kama kilivyo na kukijengea daraja, yaani saketi ndogo inayokaa katikati, ikizungumza lugha ya 2010 kwa upande mmoja na lugha ya 1999 kwa upande wa pili. Mradi wangu wa shahada ya uzamili ni daraja la namna hiyo, kati ya kichakataji cha RISC-V na vifaa kadhaa vya zamani vya maabara yetu.

Kazi ngumu ya daraja ilikwisha mapema. Kilichobaki ni mstari mmoja. Kichakataji, kila kikimaliza kuzungumza na kifaa, hutazama PSLVERR kujua kama mambo yamekwenda sawa. Kifaa cha zamani hakina waya huo. Lakini kichakataji hakijui hilo, kitautazama tu. Kwa hiyo lazima mtu aushike waya huo na kuupa thamani, na kanuni zenyewe zinasema ifanyweje: kama kifaa hakina PSLVERR, waya ufungwe kwenye sifuri. Hakuna kosa. Daima hakuna kosa. PREADY nao hufungwa kwenye moja. Niko tayari, daima niko tayari.

Mwenzangu wa maabara aliponiona nimeukodolea macho mstari huo kwa siku ya tatu, aliniuliza kama nasomea uhandisi au teolojia. Msimamizi wangu alikuwa na maneno machache zaidi: weka sifuri, songa mbele. Wote wawili wana haki. Mstari huo ni sahihi, umeandikwa na maelfu ya watu kabla yangu, na bila huo hakuna kitakachofanya kazi. Lakini swali langu halikuwa la usahihi. Nilikuwa nauliza kama daraja langu linasema kweli.

Fikiria kilichotokea. Programu inaandika kwenye anwani ambayo kifaa hakina rejista yoyote. Kifaa cha zamani kinaipokea amri hiyo na kuiacha ipotee. Kichakataji kinauliza, imefika? Daraja linajibu: hakuna kosa. Nani kasema hivyo? Si kifaa, maana kifaa hakijasema kitu. Na daraja lenyewe halijui kama kuna kosa au hakuna. Kwa maneno mengine, pametolewa ushahidi wa jambo ambalo hakuna aliyelishuhudia.

Utetezi wa haraka ni kwamba sifuri si neno, ni ukimya. Daraja halikusema "hakuna kosa," halikusema tu kwamba kosa lipo. Kwa binadamu tofauti hiyo ipo na ni kubwa; mwanasheria anaweza kukaa nayo mahakamani mchana kutwa. Kwenye waya haipo. Volti ya chini ni volti ya chini, iwe imeshushwa na anayejua au imefungwa na asiyejua.

Tofauti hiyo tunayo kwa muda mfupi tu, kabla chipu haijatengenezwa, tunapoiigiza kwenye kompyuta. Lugha ya Verilog inaruhusu waya kuwa na thamani nne: sifuri, moja, Z, yaani umeachwa bila wa kuuendesha, na X, yaani haijulikani. Nakiri naipenda X. Uhandisi hauna herufi nyingine ya unyenyekevu kama hiyo. Lakini hata humo ndani ya uigizaji X haidumu. Ukiandika sharti, "kama waya huu ni moja fanya hivi, vinginevyo fanya vile," na waya ukawa X, Verilog inakwenda kwenye "vinginevyo" bila kumshtua mtu. "Sijui" imegeuka "hapana" katikati ya sentensi. Ikifika kwenye silikoni X haipo kabisa. Kila anayesikiliza atasikia moja kati ya maneno mawili, hata kama msemaji hakuwa nalo hata moja.

Waongeaji wa Kiswahili tumeishi na waya uliofungwa tangu utotoni. Hujambo? Sijambo. Yavunje maneno hayo uone yanachosema: huna jambo? sina jambo. Swali limeulizwa hivi kwamba jibu la adabu ni moja tu. Habari za nyumbani? Nzuri. Halafu ndipo linapokuja lenyewe: nzuri, ila mtoto kalazwa. Nzuri, ila juzi tulifiwa. Mgeni anayejifunza lugha yetu hushangaa hapo, anadhani kuna unafiki. Hakuna. Mwulizaji na mjibuji wote wanajua kwamba ile "nzuri" ya kwanza haikupimwa, ni mlango tu unaofunguliwa, na kwamba habari yenyewe itakaa baada ya "ila." Jibu lililofungwa si uongo pale ambapo anayelisikia anajua limefungwa.

Hilo lilinisaidia kuona tatizo langu liko wapi. Sifuri ya PSLVERR si dhambi yenyewe. Shida ni kwamba kichakataji hakiwezi kuitofautisha na sifuri ya kifaa cha kisasa, kilichokagua anwani, kikajikagua chenyewe, na kusema kwa dhati kwamba mambo ni sawa. Zote mbili zinapita kwenye waya mmoja kwa sauti moja. Na toleo la 1999 halina "ila."

Nimewahi kuona jambo hili likimfika mtu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Shinyanga vijijini, na Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni: bei, salamu, majina ya dawa. Mambo ya ndani aliyasema kwa Kisukuma. Alipougua, mjomba wangu, mwanawe wa kwanza, alimpeleka hospitali, nami nilikuwa nimebeba mfuko wa nguo. Daktari alikuwa kijana mpole kutoka mkoa mwingine. Aliuliza kama mama anapata maumivu wakati wa haja ndogo. Mjomba alimgeukia mama yake, akakaa kidogo, kisha akamuuliza kwa Kisukuma, "Mayu, unaendeleaje?" Bibi akasema anaendelea vizuri. Mjomba akamgeukia daktari: "Hapana, daktari. Shida hiyo hana."

Mtoto wa kiume hamuulizi mama yake habari za kiunoni. Hata mimi, kwa umri wangu ule, nilielewa kwamba swali lilifika kwa mjomba na likaishia hapo. Daktari aliandika jibu kwenye kadi. Wiki kadhaa baadaye mama mdogo alisafiri kutoka Mwanza, akampeleka Bibi kwa mara ya pili, wakaingia wenyewe wawili na muuguzi, na Bibi alieleza mpaka foleni ya nje ikaanza kunung'unika. Alitibiwa, akapona ugonjwa ule. Lakini zile wiki za katikati, na maumivu yake, alizibeba yeye aliyekuwa hakusema chochote.

Tuna methali kwamba mjumbe hauawi, na sababu yake inaeleweka: mjumbe amebeba tu, neno si lake. Hapo mjomba alikuwa hajabeba. Alitia neno pale palipokuwa na pengo, na mpokeaji akadhani limetoka kwa mgonjwa. Sidhani alikuwa na nia mbaya hata chembe; alikuwa anaheshimu. Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba si halali kumdanganya hata muuaji anayekuja kumtafuta rafiki yako uliyemficha nyumbani, na watu wengi, mimi nikiwamo, huona hapo alipitiliza. Lakini sababu moja aliyoitoa inanigusa: uongo, hata usiomdhuru mtu fulani, unaharibu kuaminika kwa maneno kwa ujumla. Nikiiangalia PSLVERR naona anachosema. Mwandishi wa programu akishajua kwamba baadhi ya sifuri kwenye mfumo huu zimepimwa na nyingine zimefungwa tu, na hana njia ya kujua ipi ni ipi, hana sababu tena ya kuamini hata moja. Sifuri zilizofungwa zimezichafua zile za kweli.

Mjomba angeweza kusema: "Daktari, hilo mimi siwezi kumuuliza." Hiyo ndiyo X. Kuisema kungemgharimu aibu kidogo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba heri basi kifaa kiwe na mdomo, na mambo yote yatatengemaa. Si lazima. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Mfumo wa kupima mwelekeo wake ulikuwa umechukua programu kutoka Ariane 4, roketi ya zamani iliyofanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikuwa na kasi ya ulalo kubwa zaidi mwanzoni mwa safari. Namba ya biti 64 ikajaribu kuingia kwenye nafasi ya biti 16, haikutosha, na mfumo ukazima. Ule wa akiba ulikuwa umeshazima kidogo kabla yake kwa sababu ileile. Sehemu hii ndiyo huwa inanirudisha kwenye taarifa ya ajali ile: mfumo haukunyamaza. Ulituma taarifa ya kwamba umekufa, data za uchunguzi wa hitilafu. Lakini ulizituma mahali pale pale ambapo kwa kawaida zilipita data za mwelekeo, na kompyuta kuu ikazisoma kama mwelekeo. Ikageuza mikono ya injini kusahihisha upotovu ambao haukuwapo, na sekunde kama 40 baada ya kuanza, roketi ikavunjika angani. Kifaa kilikuwa na mdomo. Ila msikilizaji hakuwa na njia ya kujua ni nani, na kuhusu nini, anayesema.

Narudi kwenye daraja langu, kwa zile nyaya za 2010, maana hapo ndipo wema wenyewe unapokuwa hatari.

PSTRB ni nyaya nne kwa basi la biti 32, kila moja ikisimamia baiti moja. Kichakataji kinaweza kusema: naandika, lakini baiti hii tu, nyingine tatu usiziguse. Kifaa cha zamani hakijawahi kusikia maneno "usiziguse." Kinaandika zote nne. Daraja lifanye nini? Njia ya kwanza ni kujifanya halikusikia, na baiti tatu zilizokatazwa zinafutwa. Hiyo haina mtetezi. Njia ya pili inavutia sana: daraja lisome kwanza rejista nzima, libadilishe baiti moja iliyoombwa, halafu liandike zote nne. Kichakataji kimepata kilichotaka, kifaa kimesikia lugha yake, kila mtu ameridhika. Huyu ndiye mshenga hodari, anayepeleka posa kwa maneno matamu kuliko aliyotumwa na kurudi na jibu tamu kuliko alilopewa.

Tatizo ni kwamba ndani ya vifaa hivi kusoma si kutazama. Kuna rejista ambazo ukizisoma unatoa kitu. Ukisoma rejista ya mapokezi ya kifaa cha herufi, ile herufi imekwisha toka kwenye foleni, na kama uliisoma kwa ajili ya mambo yako ya ndani, basi imepotea. Kuna rejista nyingine ambazo biti ya moja ina maana ya "tukio limetokea," na kuifuta unaandika moja juu yake. Daraja hodari likisoma rejista hiyo likakuta matukio matatu yanayosubiri kwenye baiti jirani, kisha likayaandika kama lilivyoyakuta, limeyafuta yote matatu. Hakuna aliyeyaona. Kichakataji kitaambiwa hakuna kosa, na safari hii ni daraja lenyewe lililolifanya kosa.

Njia ya tatu ni kukataa. Daraja likipokea amri ya baiti moja kwa kifaa kisichojua baiti moja, lisipeleke chochote, na liinue PSLVERR. Kichakataji cha RISC-V kikilipokea hilo vizuri kinaacha kilichokuwa kikifanya na kuruka kwenye sehemu ya kushughulikia hitilafu. Programu inayumba, mwandishi wake anakereka, anakuja kuuliza. Nilichagua hii. Mwenzangu aliniambia daraja langu ni karani wa ofisi ya serikali, kazi yake kurudisha fomu. Labda. Lakini huyo karani angalau anasema jambo analolijua: mimi siwezi kulipeleka hili. Ni neno lake mwenyewe.

PPROT ndiyo iliyonipa jibu gumu zaidi, na inakwenda upande wa pili. Hapa anayeamuru ndiye wa zamani na anayepokea ndiye mpya. PPROT ina biti tatu zinazoeleza amri imetoka kwa nani. Moja inasema kama amri imetoka upande wa siri wa mfumo, ule unaoaminika, au upande wa kawaida. Kifaa kinachotunza funguo za usimbaji huiangalia biti hiyo kabla ya kufungua mlango. Mwamuru wa zamani hana PPROT. Daraja limjibie. Mkono wa mhandisi, kwa mazoea, unakwenda kwenye sifuri, kwa sababu sifuri inaonekana kama kutosema kitu.

Kwenye biti hiyo, sifuri ina maana ya "salama." Moja ndiyo isiyo salama. Ndivyo kanuni zilivyoandikwa. Kwa hiyo anayefunga PPROT yote kwenye sifuri, akidhani amenyamaza, amesimama mlangoni na kumdhamini kila anayepita, pamoja na yule ambaye hamjui jina.

Anayejua maana ya kuwa mdhamini hana haja ya maelezo. Mtu anakuja na fomu ya mkopo, ni mwana wa jirani, anataka sahihi yako tu, "ni utaratibu." Akishindwa kulipa ndipo unapogundua ulitia sahihi kitu gani. Nimeona sahihi za namna hiyo zikiondoka na ng'ombe. Kwa hiyo biti hiyo niliifunga kwenye moja: simjui huyu, mchukulie kama mtu wa kawaida. Majaribio mawili yaliyokuwa yakipita yakaanza kukataliwa, kwa haki, na ikabidi mwamuru yule wa zamani atafutiwe njia nyingine inayoeleweka ya kufika kwenye funguo.

Nikiziweka pamoja hukumu hizi naona zina mwelekeo mmoja, ingawa sitaki kuugeuza kanuni. Nilipolazimika kumsemea asiyeweza kusema, nilitazama ni nani ataumia jibu langu likiwa si kweli. Sifuri ya uongo kwenye PSLVERR inamwumiza anayetegemea kifaa. Sifuri ya uongo kwenye PPROT inamwumiza mwenye funguo. Kukataa kunamwumiza zaidi mwandishi wa programu, ambaye yupo, ana mdomo, na atalalamika. Naona ni haki zaidi gharama imwangukie anayeweza kulalamika. Najua wahandisi wengi hawatakubaliana nami. Chipu inayolalamika ovyo haiuziki, na bidhaa isiyouzika haimsaidii mgonjwa yeyote.

Lile tatizo la sifuri ya PSLVERR bado lipo, kwa sababu huwezi kukataa kila kitu. Mara nyingi daraja litapeleka amri, kifaa kitanyamaza, na waya utasema hakuna kosa. Nilifanya mambo mawili. La kwanza, anwani ambazo daraja linajua lenyewe kwamba kifaa hakina rejista, linazikataa lenyewe. La pili ni rejista moja ndogo ya kusomwa tu, iliyo ndani ya daraja. Kwa kila kifaa ina biti nne: PREADY ya huyu ni ya kweli au imefungwa, PSLVERR yake je, PSTRB anaiheshimu, PPROT anaikagua. Yeyote anayetaka kujua "hakuna kosa" ya kifaa fulani ina uzito gani, aisome. Kwa kifaa chetu cha zamani cha herufi, biti zote nne ni sifuri, na mahali hapo sifuri ina maana moja tu.

Msimamizi wangu aliipitia, akaona haili nafasi kubwa, akairuhusu ibaki. Kisha akauliza ni nani atakayeisoma. Nikamwambia waandishi wa programu. Akacheka, si kwa kejeli, akasema katika miaka yake yote hajawahi kumwona mwandishi wa programu aliyeuliza kama kifaa kina uwezo wa kukosea.

Rejista ipo kwenye anwani ya mwisho ya daraja, na imeelezwa kwenye ukurasa wa tisa wa maelezo ya matumizi. Mpaka naandika haya imesomwa na programu moja tu, ya majaribio, niliyoiandika mwenyewe. Wiki ijayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaanza kuandika programu ya kuendesha kile kifaa cha herufi. Nimempa faili zote, na ukurasa wa tisa nimeukunja pembe.